Jumla ya mwani inakuja kubwa kuliko mwani wenyewe: wapi nimekosea kwenye ulizo langu?

#1 KaraniKiuyu

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mie ni karani wa kikundi cha akinamama wanaolima mwani huku rasi ya Kiuyu, Micheweni, Pemba. Tuko wanachama 23. Mpaka mwaka jana hesabu zote zilikuwa kwenye madaftari, na daftari linalokaa banda la mwani halidumu: chumvi inalilowesha, wino unatawanyika, kurasa zinagandana. Kaka yangu akanipa kompyuta yake ya zamani yenye Microsoft Access, programu ya kuweka hesabu kwenye majedwali, nikajifunza usiku baada ya kazi, nikaingiza hesabu zote upya mstari kwa mstari.

Majedwali yangu ni matatu. La kwanza ni *wanachama* (nambari na jina). La pili ni *mizani*: kila mtu akipima mwani wake mkavu naandika tarehe, aina, kilo na bei. La tatu ni *malipo*, kwa sababu wengi huchukua fedha kidogo kidogo kabla mnunuzi hajaja, na kila anachochukua nakiandika.

Nilitaka karatasi moja inayosema kila mwanachama ameleta kilo ngapi, zina thamani gani, na ameshapokea ngapi. Nikaandika ulizo hili (query, yaani swali ninaloiuliza programu):

```
SELECT w.nambari, w.jina,
       SUM(m.kilo) AS kilo_zote,
       SUM(m.kilo * m.bei) AS thamani,
       SUM(p.kiasi) AS alizopokea
FROM (wanachama AS w
  INNER JOIN mizani AS m ON w.nambari = m.mwanachama)
  INNER JOIN malipo AS p ON w.nambari = p.mwanachama
GROUP BY w.nambari, w.jina;
```

Ikatoka bila kulalamika. Nikakagua wanachama wanne kwa daftari, wote sawasawa. Jumamosi nikaisoma mbele ya kikundi kizima.

Nilipofika nambari 7, ambaye ni mama yangu mzazi, nikasoma kwamba anadai 52,000. Mama akanambia pale pale, "Mie nadai sitini na moja." Hajasoma skuli, lakini hesabu yake ya mwani anayo kichwani tangu siku ya kufunga mbegu. Nikafungua daftari. Ni 61,000 kweli.

Kisha mwanachama nambari 15 akauliza mbona hakusomwa. Kwenye orodha hayumo kabisa, na mwani ameleta, mimi mwenyewe ndiye niliyempimia. Juu ya hayo, stakabadhi ya mnunuzi inasema tumeuza kilo 1,846 na ulizo langu linasema 3,215. Mwani huo wa ziada haupo duniani.

Nimekaa siku tatu sipati usingizi mzuri. Hizi ni fedha za watu waliosimama kwenye maji ya kiuno. Naombeni msaada.

#2 ChakeMjini

Waalaykum salaam. Dada, hiyo ni dalili ya mistari iliyoingia mara mbili. Ulipokuwa unahamisha kutoka daftari ulichoka ukarudia kurasa. Tafuta mistari inayofanana kwenye *mizani* uifute, jumla itashuka yenyewe.

#3 KaraniKiuyu

Nilifikiri hivyo hivyo kaka. Nimefungua jedwali lenyewe nikahesabu ya mama: mizani mitatu tu, kilo 42, 38 na 51. Malipo mawili, 40,000 na 30,000. Bei yake ni shilingi 1,000 kwa kilo. Hakuna kilichorudiwa. Lakini ulizo linasema ameleta kilo 262 na amepokea 210,000.

#4 MwalimuWete

Binti yangu, usifute kitu. Nasema tena na wengine wasome: usifute hata mstari mmoja. Majedwali yako ni mazima. Kilichorudiwa kimerudiwa ndani ya ulizo tu.

Chukua karatasi uandike mistari ya mama yako kama programu inavyoiona kabla haijajumlisha. Umeunganisha mizani na malipo, na kitu pekee kinachoviunganisha ni nambari ya mwanachama. Programu haijui malipo gani ni ya mzani gani, kwa hiyo kila mzani wa nambari 7 inaukutanisha na kila malipo ya nambari 7:

```
kilo   malipo
 42    40,000
 42    30,000
 38    40,000
 38    30,000
 51    40,000
 51    30,000
```

Mizani 3, malipo 2, imekuwa mistari 6. Sasa jumlisha. Kilo zimehesabiwa mara mbili, 131 ikawa 262. Malipo yamehesabiwa mara tatu, 70,000 ikawa 210,000. Ukitoa 210,000 kwenye 262,000 unapata 52,000. Kweli ni 131,000 toa 70,000, yaani 61,000. Mama yako yuko sahihi kwa shilingi.

Angalia ubaya wa kosa hili. Lingekuja na milioni tano ungelishtukia. Limekuja na 52,000, nambari inayokaa vizuri karibu na ukweli. Na wale wanne uliowakagua, nina hakika kila mmoja alikuwa na mzani mmoja na malipo mamoja. Moja mara moja ni moja, hapo kosa haliwezi kuonekana. Ukitaka kukagua ulizo la jumla, mchague mwenye mistari mingi kuliko wote, na umchague asiye na mstari kabisa.

Huyo wa pili ndiye nambari 15. Hajachukua malipo hata mara moja, sivyo? INNER JOIN inataka pande zote mbili ziwe na kitu. Asiye na malipo hana mstari wa kuunganishwa, akaanguka, na mwani wake ukaanguka naye.

Dawa yake: jumlisha kwanza kila jedwali peke yake, ndipo uunganishe. Tengeneza ulizo la kwanza uliite q_mizani:

```
SELECT mwanachama, SUM(kilo) AS kilo_zote,
       SUM(kilo * bei) AS thamani
FROM mizani
GROUP BY mwanachama;
```

La pili q_malipo:

```
SELECT mwanachama, SUM(kiasi) AS alizopokea
FROM malipo
GROUP BY mwanachama;
```

Sasa kila mwanachama ana mstari mmoja huku na mstari mmoja kule. Ndipo la tatu:

```
SELECT w.nambari, w.jina,
       Nz(m.kilo_zote, 0) AS kilo,
       Nz(m.thamani, 0) - Nz(p.alizopokea, 0) AS anadai
FROM (wanachama AS w
  LEFT JOIN q_mizani AS m ON w.nambari = m.mwanachama)
  LEFT JOIN q_malipo AS p ON w.nambari = p.mwanachama;
```

LEFT JOIN inabakisha kila mwanachama, awe na kitu awe hana. Nz inageuza pengo kuwa sifuri. Usipoiweka, ukitoa pengo kwenye thamani ya mtu jibu linakuwa pengo, na nambari 15 ataonekana kwenye orodha lakini deni lake litakuwa tupu.

#5 FundiMkoani

Mwalimu umeeleza vizuri. Ila kuna njia fupi, naitumia kazini kwenye MySQL, programu nyengine ya majedwali: SUM(DISTINCT p.kiasi). Inajumlisha kila kiasi mara moja tu, marudio yanaondoka, ulizo linabaki moja.

#6 MwalimuWete

Ndugu yangu Fundi, hiyo njia isikaribie fedha za watu. DISTINCT haitambui malipo, inatambua nambari. Mama mmoja akichukua 30,000 mwezi wa Mfungo Mosi na 30,000 nyengine mwezi unaofuata, DISTINCT inaona 30,000 moja. Umemfutia malipo mamoja, kikundi kimepata hasara na wewe hujui. Kwa mama wa karani ingetoa jibu sahihi kwa sababu tu 40,000 na 30,000 hazifanani. Na Access hata haiikubali hiyo.

#7 FundiMkoani

Nimekaa nimefikiri. Ni kweli, na nina ripoti mbili kazini zenye kitu hicho. Kesho nakwenda kuzifungua. Ahsante mwalimu.

#8 KaraniKiuyu

Nimefanya kama ulivyosema mwalimu. Mama 61,000. Nambari 15 yumo, na deni lake lote limeonekana. Jumla ya kilo kwa wote 23 ni 1,846, sawa na stakabadhi ya mnunuzi, hata nusu kilo haikupotea.

Nimelia kidogo, sisemi uongo. Karani aliyekuwepo kabla yangu aliondoka kwa maneno, walimwambia anakula fedha zao. Sijui yeye alikuwa na kosa gani. Najua mimi ningesemwa vivyo hivyo Jumamosi ijayo.

Kaka ChakeMjini, usijisikie vibaya kwa ule ushauri wa kufuta. Hata mie nilikuwa nimeshaweka kidole.

#9 ChakeMjini

Nashukuru dada. Nimejifunza kitu. Swali langu kwa mwalimu: mtu atajuaje mapema kwamba mistari itazaana, kabla hajasoma mbele ya watu?

#10 MwalimuWete

Kabla ya kubonyeza Σ, endesha ulizo bila jumla. Kwenye Access, ukiwa kwenye usanifu wa ulizo, ile alama ya Σ ukiibonyeza mstari wa Total unatokea chini, ukiibonyeza tena unaondoka. Uondoe, ondoa na hesabu zote, tazama mistari mitupu ya mtu mmoja unayemjua. Ukiona 42 imeandikwa mara mbili wakati mzani ulikuwa mmoja, umeshaona.

Ninapofundisha huwa nawauliza wanafunzi swali moja tu kabla hawajajumlisha chochote: *mstari mmoja hapa ni kitu gani?* Kwenye jedwali la mizani, mstari mmoja ni mzani mmoja. Kwenye malipo, ni malipo mamoja. Kwenye lile ulizo la kwanza, mstari mmoja ulikuwa nini? Ulikuwa "mzani huu ukikutana na malipo haya", kitu ambacho hakikupata kutokea bandani. Kisicho na jina usikijumlishe.

#11 BintiPaje

Nimesoma uzi wote nikiwa Unguja na nimefurahi sana, kwa sababu mie ni mtoto wa mwani pia. Huku kwetu Paje na Jambiani ndiko kilimo cha mwani cha biashara kilikoanzia Zanzibar, mwaka 1989, na mama yangu alikuwa miongoni mwa walioanza mapema.

Dada Karani, umeshamaliza hesabu ya mtu mmoja mmoja. Hatua inayofuata utataka kujua mavuno yanapanda au yanashuka. Je, utayagawa vipi kwa wakati?

#12 KaraniKiuyu

Kwa mwezi, Bi Paje. Nimeshajaribu jana, ila limetoka jambo la ajabu. Nilitaka mwezi wa tatu tu, nikaingiza safu ya tarehe kwenye ulizo ili niweke sharti chini yake. Badala ya mstari mmoja kwa kila mwanachama nikapata mistari mingi, kila siku na mstari wake.

#13 BintiPaje

Hilo karibu kila mtu linampata. Ukiwasha Σ, Access inaandika Group By chini ya kila safu uliyoiingiza, na tarehe nayo imeandikiwa. Maana yake umeiambia: tenga fungu kwa kila mwanachama *na kwa kila tarehe*. Kila kitu unachokiweka kwenye Group By kinakata mafungu vipande zaidi.

Kwenye kile kisanduku cha Total chini ya tarehe, badilisha Group By uweke Where. Hapo tarehe inakuwa mlinzi wa mlangoni tu: inachuja mistari kabla haijagawiwa, na yenyewe haionekani kwenye majibu.

Ukiandika kwa mkono, ni tofauti ya WHERE na HAVING. WHERE inachuja mizani kabla ya kujumlisha. HAVING inachuja mafungu baada ya kujumlisha. Tuseme unataka wanachama walioleta zaidi ya kilo 100 za mwani wa aina ya mnene:

```
SELECT mwanachama, SUM(kilo) AS kilo_zote
FROM mizani
WHERE aina = 'mnene'
GROUP BY mwanachama
HAVING SUM(kilo) > 100;
```

Ukiikosea ukaandika WHERE kilo > 100, unauliza nani amepima zaidi ya kilo 100 kwa mzani mmoja. Pengine hakuna hata mmoja, utapata karatasi tupu na utafikiri kikundi hakikuvuna.

#14 KaraniKiuyu

Ahsanta sana Bi Paje. Imekubali. Mwezi wa tatu umetoka na mwezi wa nne umetoka. Lakini sasa naona mwezi wa tatu mavuno ni mengi mno na wa nne yameanguka karibu nusu. Mama ananambia si kweli, mavuno yalikuwa yale yale.

#15 BintiPaje

Mama yako tena yuko sahihi, na hapa ndipo nilipotaka tufike.

Mkulima wa mwani haendi shamba kwa tarehe za ukutani. Anakwenda kwa bamvua. Maji yakikupwa sana, siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, ndipo mashamba yanaachwa wazi mtu akafunga mbegu, akasafisha kamba, akavuna. Maji mafu yakiingia hakuna cha kufanya, mwani uko chini ya maji. Kwa hiyo kuvuna, kuanika na kupima kunakwenda kwa mabamvua, mawili kwa kila mwezi wa mwandamo, na mwezi wa mwandamo una siku 29 au 30. Miezi ya kalenda haiendi sambamba na hayo hata kidogo.

Sasa chukua bamvua linaloangukia mwisho wa mwezi wa tatu. Waliovuna siku ya mwanzo wakapata jua kali walipima tarehe 31. Wenzao wa siku ya pili walipima tarehe 2. Ni bamvua moja, ni kazi moja, akinamama walikwenda shamba pamoja, na ulizo lako limelikata katikati. Mwezi mmoja unapata mizani ya mabamvua matatu, mwengine unapata ya moja na nusu. Ukampelekea mtu wa nje karatasi hiyo atasema mwani wa Kiuyu unakufa.

Huku kwetu tulitengeneza jedwali la nne, *bamvua*, lenye nambari, mwanzo na mwisho. Mwisho si siku ya mwisho ya bamvua hilo, ni siku ya mwanzo wa bamvua linalofuata, ili mizani ya baada ya kuanika isikose pa kuingia:

```
SELECT b.nambari, b.mwanzo, SUM(m.kilo) AS kilo
FROM mizani AS m, bamvua AS b
WHERE m.tarehe >= b.mwanzo
  AND m.tarehe < b.mwisho
GROUP BY b.nambari, b.mwanzo
ORDER BY b.mwanzo;
```

Tazama alama: upande wa mwanzo ni *kubwa au sawa*, upande wa mwisho ni *ndogo* peke yake. Ukiweka sawa pande zote mbili, mzani wa siku ya mpaka utaingia kwenye mabamvua mawili na utarudi kwenye ugonjwa ule ule wa mwanzo wa uzi. Ukiacha siku katikati ya bamvua na bamvua, mzani wa siku hiyo utapotea. Kila tarehe lazima iwe na fungu moja, wala si sifuri wala si mawili.

Tarehe zenyewe usizitunge wewe. Kaa na wakubwa wakutajie.

#16 FundiMkoani

Hii ya bamvua sijapata kuiona kwenye somo lolote la hifadhidata, na nimesoma mengi. Nina la kuongeza kuhusu bei, kwa kuwa mwani mwembamba na mwani mnene hazilingani bei. Karani atataka kujua kilo moja imeuzwa kwa wastani wa ngapi, na mkono utakwenda kwenye AVG(bei). Asiitumie.

Mfano wa kujaribia: kilo 100 kwa shilingi 1,000 na kilo 10 kwa shilingi 1,600. AVG inaona mistari miwili, inajibu 1,300. Lakini fedha zilizoingia ni 116,000 kwa kilo 110, yaani kama 1,055 kwa kilo. Uandike SUM(kilo * bei) / SUM(kilo).

Na tahadhari na mapengo. AVG haihesabu mstari ambao nambari yake haijaandikwa. COUNT(*) inahesabu mistari yote, COUNT(kilo) inahesabu ile yenye kilo tu. Kama umepima ukasahau kuandika kilo, ukilinganisha hizo mbili utajua mistari mingapi ina pengo. Mimi naziweka zote mbili kwenye kila ripoti siku hizi.

#17 ChakeMjini

Kwenye GROUP BY si angetosha kuweka jina tu? Nambari ya nini, watu wanajuana kwa majina.

#18 MwalimuWete

Kwa sababu ya Pemba yetu, ndugu yangu. Kwenye kijiji kimoja utakuta wanawake wawili wenye jina moja, baba wa jina moja, na babu wa jina moja. Ukifanya mafungu kwa jina umewafanya mtu mmoja. Na kinyume chake, karani akiandika *Mwanakombo* leo na *Mwana Kombo* kesho, mtu mmoja amekuwa wawili na kila mmoja na deni lake. Fungu liende kwa nambari, jina lifuate nyuma kwa ajili ya kusoma.

Kuna jengine dogo. Kwenye orodha ile ya Sum na Avg kuna First na Last. Mtu akitaka tarehe ya mzani wa mwisho wa mwanachama huchagua Last. Isichaguliwe. Edgar Codd wa IBM alipoandika mwaka 1970 wazo la kuweka data kwenye majedwali ya aina hii, mistari haikuwa na mpangilio wowote, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Programu haijui upi wa mwisho mpaka uiambie wa mwisho kwa kigezo gani. Last inakupa mstari wowote utakaosomwa mwishoni. Tarehe ya karibuni zaidi ni Max.

#19 KaraniKiuyu

Wenzangu, narudi baada ya wiki mbili. Nilisubiri kikao.

Tarehe za bamvua nilizipata kwa mama na bibi wawili wa kikundi. Tulikaa barazani na kalenda ya ukutani, wao wakitaja mwezi umeandama lini na mimi nikiandika. Nilipomaliza nililinganisha jumla ya mabamvua yote na ile 1,846. Mara ya kwanza ilikuja 1,809. Kilo 37 zimekosekana. Nikatafuta mizani isiyo na bamvua, nikakuta miwili ya tarehe moja: niliandika mwisho wa bamvua la sita siku moja kabla ya mwanzo wa la saba. Nikasahihisha, ikafika 1,846.

Mavuno sasa yanasomeka kama mama alivyosema, yanakwenda sawasawa bamvua kwa bamvua. Ila nilipotazama vizuri nikaona nambari zinakwenda la nne, la tano, la sita, la saba, la tisa. La nane halipo. Nimekagua jedwali la bamvua, limo. Kwenye majibu halimo.

#20 BintiPaje

Angalia *mizani*. Kuna mzani wowote kati ya mwanzo na mwisho wa la nane?

#21 KaraniKiuyu

Hakuna hata mmoja.

#22 BintiPaje

Basi ndiyo sababu. GROUP BY inatengeneza mafungu kutokana na mistari iliyopo. Pasipo na mstari hapana fungu, na pasipo na fungu hapana sifuri. Anayesoma haraka ataona la saba na la tisa zimefuatana na atadhani ni kawaida.

Fanya kama mwalimu alivyokufundisha mwanzo: lile ulizo la mabamvua lihifadhi kama q_bamvua, kisha uliunganishe na jedwali zima la bamvua:

```
SELECT b.nambari, b.mwanzo, Nz(q.kilo, 0) AS kilo
FROM bamvua AS b
  LEFT JOIN q_bamvua AS q ON b.nambari = q.nambari
ORDER BY b.mwanzo;
```

#23 KaraniKiuyu

Limetokea. La nane, kilo 0.

Jumamosi nikasoma karatasi mpya bandani. Kwanza madeni, mtu mmoja mmoja, na kila mmoja nilimsubiri aseme ndiyo kabla sijakwenda kwa mwengine. Nambari 15 nilimsomea wa kwanza. Hakuna aliyekataa hesabu yake.

Kisha nikasoma mabamvua. Nilipofika la nane nikasema "sifuri", pakawa kimya kidogo. Halafu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Ni bamvua la ile mvua ya masika iliyopiga siku sita mfululizo. Walivuna, tena walivuna sana, mwani ukaanikwa, mvua ikaunyea mpaka ukaoza juu ya vichanja na wakaurudisha baharini kwa makarai. Haukufika kwenye mizani, kwa hiyo kwangu haukuwa na mstari. Kwao ilikuwa kazi ya bamvua zima.

Bibi mmoja akanambia niandike. Nikamuuliza niandike nini, kilo hazikupimwa. Akasema, "Andika kwamba tulivuna."

Nimeongeza safu kwenye jedwali la bamvua, naiita *sababu*. La nane limeandikwa: mvua, mwani umeoza vichanjani. Nataka kuitumia karatasi hiyo kuombea turubai la kuanikia kabla ya masika yajayo. Mwalimu, Bi Paje, Fundi, kama mnaona kuna kitu kwenye maulizo haya kinachoweza kunirudisha kwenye kosa, niambieni kabla sijaipeleka.

#24 MwalimuWete

Tuma maulizo yote hapa pamoja na jumla ya kila moja. Leo usiku baada ya Isha nitayapitia mstari kwa mstari.